Abul-Alaa Al-Maarri: Aliyejilazimisha Yasiyolazimu

Katika mwezi wa Mfungo Sita, mwaka 363 wa Hijra, yaani mwisho wa mwaka 973 wa Miladi, alizaliwa katika mji wa Maarrat al-Numan, nchi ya Sham, mtoto aliyepewa jina la Ahmad bin Abdallah bin Suleiman. Ulimwengu ulikuja kumjua zaidi kwa kuniya yake ya Abul-Alaa, na kwa nisba ya mji wake, Al-Maarri. Huyu ndiye mshairi na mwanafalsafa ambaye kwa muda wa miaka elfu moja Waislamu wenye kusoma hawajaacha kumgombania. Wako wanaomhesabu katika watu wakubwa wa zuhudi, na wako wanaomtoa katika dini kabisa.

Sababu ya ugomvi huo si ngumu kuieleza. Abul-Alaa aliitazama dunia asione ndani yake raha ya kudumu. Alimtazama mwanadamu, akamwona amejaa tamaa, hasada na ria. Aliyasema hayo kwa mashairi miaka nenda miaka rudi, bila ya kuchoka wala kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini mtu huyu aliyeyasema vibaya maisha, katika maisha yake mwenyewe alikuwa akiogopa kumuudhi kiumbe, hata mdudu. Makala haya yataeleza habari zake kwa ufupi, ili msomaji ayapime maneno yake pamoja na vitendo vyake, maana wengi wanaomhukumu hupima kimoja wakaacha cha pili.

NDUI NA RANGI NYEKUNDU

Maarrat al-Numan ni mji ulioko baina ya Halab na Hama, kaskazini ya Sham, katika nchi ya mizeituni na mitini. Watu wa Abul-Alaa walikuwa wa kabila la Tanukh, Waarabu waliokaa Sham tangu zamani za kale. Babu yake alikuwa kadhi wa mji, na baba yake alikuwa mtu wa elimu na mashairi. Kwa hivyo mtoto huyu alizaliwa katika nyumba ya vitabu, nyumba ambayo jirani huenda kuuliza hukumu ya dini na maana ya neno.

Alipokuwa na umri wa miaka minne alishikwa na ndui. Zama hizo hapakuwa na chanjo, na ndui ilipoingia mjini haikuchagua nyumba ya kadhi wala ya mchunga mbuzi. Mtoto alipona, lakini macho yake yalikufa. Imepokewa kuwa katika rangi zote za dunia alikuwa akiikumbuka moja tu, nayo ni nyekundu, kwa sababu katika maradhi yale alivikwa nguo iliyotiwa rangi hiyo. Ukubwani watu walistaajabu jinsi alivyoweza kuisifu mianga ya nyota katika mashairi yake, ilhali alichokuwa nacho ni nguo ya mgonjwa na yale aliyoyasikia kwa watu.

Mola alipomnyima macho alimpa hifdhi. Sisi tuliosoma vyuoni twajua mwalimu anavyomsifu mtoto aliyehifadhi juzuu mbili tatu. Abul-Alaa, wanavyosimulia walioandika habari zake, alikuwa akisikia jambo mara moja likabaki kifuani. Alisoma kwa baba yake, kisha akapelekwa Halab kwa maulamaa wa lugha. Alipokuwa kijana bado, maneno ya Kiarabu yaliyokuwa nadra, yale ambayo wasomi wakubwa huyatafuta kamusini, yeye alikuwa nayo ulimini.

Tusisahau hali ya nchi aliyokulia. Warumi wa Konstantinopoli walikuwa wameuteka mji wa Antiokia mwaka 969, miaka minne tu kabla ya kuzaliwa kwake. Kusini walikuwako Mafatimi waliotawala Misri. Halab ilikuwa chini ya ukoo wa Hamdani uliokuwa ukififia, na khalifa wa Kiabbasi mjini Baghdad alikuwa na jina bila ya nguvu. Miji ya Sham ikawa kama mpira baina ya wakubwa. Leo kodi yatakiwa na huyu, na kesho huyo amekimbia na kodi yatakiwa na mwingine. Mtoto aliyesikia habari hizo kila siku ni vigumu akikua kuwadhania mema watawala.

SAFARI YA BAGHDAD

Mashairi yake ya ujana aliyakusanya katika diwani aiitayo Saqt az-Zand, maana yake ni cheche zinazotoka katika kijiti cha kupekechea moto. Humo amefuata nyayo za Al-Mutanabbi, mshairi aliyempenda kuliko wote. Humo mna sifa za watu, mna majivuno ya kijana ajuaye kuwa ana kipawa, na mna marthiya. Mashuhuri katika marthiya hizo ni ile aliyomtungia rafiki yake faqihi, ambayo ndani yake amewakumbusha watu kuwa udongo wanaoukanyaga kwa maringo ni miili ya waliowatangulia. Hapo ndipo tunapoanza kuisikia sauti ya Abul-Alaa atakayekuja.

Hakutaka kuishi kwa kuwasifu wakubwa wamtupie fedha, kama walivyofanya washairi wengi wa zama zake. Alikuwa na riziki ya wakfu, kiasi cha dinari 30 kwa mwaka, na nusu yake alikuwa akimpa mtumishi wake.

Alipokuwa na umri wa miaka thelathini na kitu aliamua kwenda Baghdad, kitovu cha elimu wakati huo, penye maktaba na mabaraza ya maulamaa. Alikaa huko kiasi cha mwaka mmoja na nusu. Alipokewa kwa heshima na baadhi ya watu, lakini pia alionja uchungu. Husimuliwa kuwa siku moja alipokuwa akiingia katika baraza ya mkubwa mmoja alijikwaa kwa mtu aliyekaa, naye mtu yule kwa hasira akauliza ni mbwa gani huyu. Kipofu akajibu kwa utaratibu kuwa mbwa ni yule asiyeyajua majina 70 ya mbwa katika lugha ya Kiarabu. Jawabu hiyo ilienea hata karne tano baadaye, ambapo Imamu As-Suyuti wa Misri, aliyefariki mwaka 1505, aliketi akayakusanya majina ya mbwa kutoka vitabuni na kuyatungia nadhamu, ili asiwe miongoni mwa walioingia katika tusi la Abul-Alaa.

Kisa kingine ni cha baraza ya Sharifu Al-Murtada, mtu mkubwa wa Baghdad. Sharifu huyo alikuwa hampendi Al-Mutanabbi, akawa anamtia ila. Abul-Alaa hakuweza kunyamaza. Alisema lau Al-Mutanabbi hakuwa na shairi ila kasida fulani, akaitaja mwanzo wake, ingemtosha kwa fadhila. Sharifu aliamrisha akokotwe kwa mguu atolewe nje. Waliohudhuria hawakufahamu kosa lake, mpaka Sharifu alipowaeleza kuwa ndani ya kasida hiyo mna ubeti unaomdharau mtu mpungufu amtiaye ila mshairi. Kipofu alikuwa amemtukana kwa kutaja mwanzo wa shairi tu.

Mwaka 400 wa Hijra, yaani 1010, Abul-Alaa aliondoka Baghdad. Fedha zilikuwa zimemwishia, na ilimfikia habari kuwa mama yake ni mgonjwa. Alisafiri kwa haraka kadiri msafara ulivyoweza kwenda, lakini alipofika alikuta mama amekwisha kufariki. Baba yake alikuwa ametangulia zamani. Tangu hapo aliyekuwa Abul-Alaa wa safari na mabaraza alikwisha.

JELA MBILI

Alifunga mlango wake. Alijiita mfungwa wa jela mbili, moja ni upofu na ya pili ni nyumba yake. Pengine akiongeza ya tatu, nayo ni mwili ulioifunga roho. Alikata shauri kuwa hataoa wala hatazaa, na tena hatakula nyama, wala samaki, wala mayai, wala maziwa, wala asali. Chakula chake kikawa adesi, na akitaka kitamu ni tini. Nguo yake ilikuwa ya kikatani kisichopendeza, na malazi yake yalikuwa jamvi. Imepokewa pia kuwa alikuwa akifunga saumu siku zote za mwaka isipokuwa siku za Idi. Aliishi hivyo kwa muda wa miaka 45 na zaidi, mpaka kufa kwake.

Walakini mlango alioufunga haukukaa umefungwa. Wanafunzi walimfuata. Mashuhuri wao ni Al-Khatib At-Tabrizi, aliyekuja baadaye kusomesha katika Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad na kufariki mwaka 1109. Alipokuwa kijana alipata kitabu kikubwa cha lugha, akataka mtu wa kumhakikishia maneno yake, akaelekezwa kwa kipofu wa Maarra. Hakuwa na nauli ya mnyama. Alivitia vile vijuzuu katika mfuko akaubeba mgongoni kwa miguu, na jasho likapenya hata karatasi. Wasemao husema kuwa walioviona vijuzuu hivyo baadaye walidhani viliingia majini.

Mwaka 1047 msafiri wa Kiajemi, Nasir Khusraw, alipita Maarra akielekea Hija. Aliandika kuwa mkubwa wa mji ule ni mtu kipofu aitwaye Abul-Alaa, na kwamba watu wote wa mji ni kama watumishi wake. Asema ana mali, lakini mwenyewe amevaa blanketi gumu na hatoki nyumbani, na chakula chake ni kipande cha mkate wa shayiri. Asema pia kuwa watu zaidi ya 200 wamekuja kutoka pande mbalimbali kusoma adabu na mashairi kwake. Haya ni mambo ya ajabu kwa mtu aliyekuwa akihubiri kuwa kukaa mbali na watu ndiyo salama.

VINA VYA KUJITWISHA

Diwani yake kubwa ya utu uzima yaitwa Luzum ma la Yalzam, yaani kulazimika na yasiyolazimu. Msomaji ajuaye kutunga atalifahamu jina hilo upesi. Katika kasida ya Kiarabu, mtunzi hulazimika kushika herufi moja ya kina tangu ubeti wa mwanzo mpaka wa mwisho. Abul-Alaa alijitwisha herufi ya pili mbele ya hiyo, ambayo sheria ya ushairi haikumdai. Tena akapitia herufi zote za alifu-be-te, kila moja kwa irabu zake tatu na sukuni yake, asiache hata zile herufi ngumu ambazo washairi huzikimbia. Ni kama malenga wetu ambaye kina cha silabi moja chamtosha, naye akaamua kushika silabi mbili za kati na mbili za mwisho katika diwani nzima, asibanduke.

Na ndani ya vina hivyo ndimo alimotia fikira zake. Kwake yeye, kuishi ni taabu kuliko raha, na furaha ya arusi au ya mtoto aliyezaliwa haitoshi kulipa huzuni ya mauti yatakayofuata. Nafsi ya mwanadamu haishibi. Akipata hutaka zaidi, na akikosa humhusudu aliyepata. Wafalme aliwaona ni watu walioajiriwa na raia kuangalia maslaha yao, kisha wakageuka wakawala waliowaajiri. Na wenye kuvaa kilemba cha dini ili wapate dunia aliwachapa kwa ulimi kuliko wote. Sala ya mtu adhulumuye haki za watu, kwa rai yake, ni sawa na mtu kutokusali.

Pia aliitukuza akili, akaiona ndiyo kiongozi asiyedanganya. Katika baadhi ya beti alisema maneno makali juu ya wafuasi wa dini zote, jinsi wanavyorithi wasiyoyafikiri na kugombana kwa waliyoyarithi. Hapo ndipo maulamaa wengi walipokatana naye. Lakini katika diwani hiyo hiyo mna beti za kumpwekesha Mwenyezi Mungu, za kuikumbuka Kiyama, na za kuonya nafsi, ambazo zingeweza kusomwa msikitini. Watu wa mwambao wanaolijua Al-Inkishafi la Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate wataitambua harufu ya zuhudi humo. Tofauti ni kuwa Sayyid Abdallah aulaumu moyo wake ili uirudie njia, na Abul-Alaa mara nyingi auliza swali akaliacha pale pale, bila ya jawabu.

NYUKI NA ASALI YAKE

Katika aliyoyasema Abul-Alaa, hakuna yaliyowashangaza watu wa zama zake kama kuacha nyama. Alisema maziwa ni ya mtoto wa mnyama aliyeyatolewa, na mayai ni mali ya mama aliyeyataga. Na asali, nyuki waliichuma mapema katika maua kwa ajili ya nafsi zao, hawakuichuma kwa ajili ya kutoa zawadi. Hata kiroboto, alishauri, ni bora aachwe aende zake. Husimuliwa kuwa alipougua, mganga aliamrisha apikiwe kifaranga cha kuku. Alipoletewa alikigusa kwa mkono, akasikitika, akasema kuwa wamekuona ni dhaifu ndipo wakakuandika kuwa dawa, mbona hawakumwandika mtoto wa simba. Hakula.

Habari hizo zilimfikia Al-Muayyad fid-Din Ash-Shirazi, mkuu wa daawa ya Mafatimi. Alimwandikia barua kwa adabu akimtaka amweleze hoja yake. Mwenyezi Mungu amehalalisha nyama, na wanyama wenyewe wanalana, basi vipi mja awe na huruma kumshinda Muumba? Swali hilo lilikuwa na mtego, na jawabu isiyo ya hadhari ingeweza kumletea balaa. Abul-Alaa alijibu kuwa watu wa dini tangu zamani huacha baadhi ya halali kwa kujinyima, na hapana aliyewalaumu. Alieleza pia kuwa mapato yake kwa mwaka ni dinari ishirini na kitu, mtumishi huchukua fungu lake, na kilichobaki hakimfikishi mbali zaidi ya adesi. Yule mkubwa akataka kumfanyia mpango apate riziki nono kutoka kwa liwali wa Halab. Abul-Alaa alishukuru, akakataa. Barua hizo ziko mpaka leo, na mwenye kuzisoma ataona kuwa alikuwa amejiwekea sharti juu ya nafsi yake kama alivyojiwekea herufi ya pili katika kina. Wengine aliwausia katika mashairi, lakini hakudai kuwa alichokihalalisha Mola kimekuwa haramu.

Huruma hii hakuwapa wanyama peke yao. Aliandika kitabu kiitwacho Risalat as-Sahil wash-Shahij, ambamo farasi na baghala wanazungumza. Baghala huyo amefungwa macho, kazi yake ni kuvuta maji kisimani, naye ana shida ataka ipelekwe kwa mtawala wa Halab. Nyuma ya kisa hicho palikuwa na jamaa zake waliolemewa na kodi ya ardhi. Kipofu alimpa baghala aliyefungwa macho aseme yaliyowaumiza watu.

SIKU ALIYOTOKA NYUMBANI

Jambo kubwa katika maisha yake lilitokea mwaka 418 wa Hijra, yaani 1027. Kabla ya hapo mwanamke mmoja aliingia katika msikiti wa Maarra siku ya Ijumaa akilia kuwa mwenye nyumba ya ulevi ametaka kumvunjia heshima. Watu walipandwa na ghadhabu, wakaenda wakaivunja nyumba ile. Salih bin Mirdas, amiri wa kabila la Kilab aliyekuwa ameitwaa Halab mwaka 1025, aliwakamata watu 70 katika wakubwa wa mji akawafunga. Kisha alikuja na jeshi lake akaupigia kambi mji wenyewe.

Watu hawakuwa na wa kumtuma isipokuwa mtu aliyeapa kutotoka. Na Abul-Alaa alitoka, akishikwa mkono, akapita lango la mji mpaka hemani kwa amiri. Salih alimpokea kwa heshima, akamsikiliza, na kwa ajili yake akawafungua wale 70 na kuondoka. Yeye akarudi nyumbani kwake, na katika mashairi yake akaieleza safari hiyo bila ya kujisifu, kama mtu aliyepelekwa asikokupenda.

Lau kama kweli moyo wake ulikuwa umewachukia watu, siku hiyo ilikuwa ni ya kukaa kimya. Wafungwa walikuwa ni watu wa mji ule ule ambao mashairi yake yaliwashutumu kwa unafiki. Walakini aliwaombea.

PEPO YA WASHAIRI

Kiasi cha mwaka 1033, sheikh mmoja wa Halab aitwaye Ibn Al-Qarih alimwandikia barua ndefu. Mzee huyo alikuwa ameila dunia yake ujanani, na sasa alikuwa akitubu, na katika barua yake akiwahesabu wazandiki mmoja mmoja na kuwalaani. Abul-Alaa alimjibu kwa kitabu kiitwacho Risalat al-Ghufran, Risala ya Msamaha.

Katika kitabu hicho amemchukua Ibn Al-Qarih mwenyewe kwa njozi mpaka Siku ya Kiyama. Hati ya toba ya mzee huyo yapotea katika msongamano. Ajaribu kumlainisha Ridhwani, mlinzi wa Pepo, kwa kumsifu kwa mashairi, lakini Ridhwani hajui mashairi ni kitu gani. Mwisho avushwa Sirati akiwa amebebwa mgongoni na kijakazi. Huko Peponi awakuta washairi wa zama za Ujahili ambao hakuwatazamia, na kila mmoja amwuliza amesamehewa kwa lipi. Zuhair amesamehewa kwa sababu alimwamini Mungu kabla ya Utume. Abid bin Al-Abras amesamehewa kwa ajili ya ubeti mmoja wa tauhidi ambao watu waliendelea kuusoma. Al-Asha alikuwa amefunga safari kwenda kwa Mtume na kasida ya sifa, Makureshi wakamrudisha njiani. Kwa nia ile aombewa, aingia, kwa sharti asionje mvinyo wa Peponi, kwa kuwa ulevi ndio uliomrudisha nyuma duniani. Wengine, kama Imru al-Qais na Bashshar, yuawakuta Motoni.

Wako waliosema kitabu hiki ni mzaha juu ya Akhera. Na wako walioona kuwa mzaha wake wamlenga mzee mwenye haraka ya kuwatia wenzake Motoni. Katika mwaka 1919 mwanachuoni wa Kihispania, Miguel Asín Palacios, alikilinganisha na kitabu cha Dante wa Italia kuhusu Pepo na Moto, na wataalamu wanaendelea kubishana kama moja ulimgusa mwenzake. Chapa yake iliyohakikiwa tuliipata kwa kazi ya bibi wa Kimisri, Aisha Abdulrahman, ajulikanaye kwa jina la Bint ash-Shati, mwaka 1950.

HUKUMU ZA WALIOFUATA

Abul-Alaa alifariki katika Mfungo Sita, mwezi ule ule aliozaliwa, mwaka 449 wa Hijra, yaani Mei 1057, baada ya maradhi ya siku tatu. Wanasimulia kuwa washairi 84 walisoma marthiya juu ya kaburi lake. Aliusia kwamba kaburi limjulishe mpita njia kuwa hakumleta mtoto yeyote katika mashaka ya dunia, akilihesabu jambo hilo kuwa ni ihsani yake.

Katika jambo hilo Muislamu hamfuati. Mtume ametuhimiza ndoa, na mtoto ni neema na amana. Lakini si haki kusema kuwa aliacha kuzaa kwa kuwachukia watoto. Aliacha kwa kuwahurumia, na hilo ni kosa la aina nyingine.

Baada ya kufa kwake Ibn Al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1201, alimtia katika wazandiki watatu wakubwa wa Uislamu, na neno hilo ndilo lililotufikia katika Kiswahili kwa mzandiki. Ibn Al-Adim wa Halab, aliyefariki mwaka 1262, aliandika kitabu kizima cha kumtetea. Kitabu chake kingine, Al-Fusul wal-Ghayat, kilisemwa kwa karne nyingi kuwa alikitunga kushindana na Kurani. Sehemu yake ilipopatikana na kuchapishwa Cairo mwaka 1938, waliokisoma walikuta kimejaa kumtukuza Mwenyezi Mungu na kuonya nafsi. Basi watu wangapi walimlaani kwa kitabu ambacho hawakupata kukiona?

Mwaka 1914 kipofu mwingine, Taha Hussein wa Misri, aliandika juu yake risala iliyompa shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Misri. Mwaka 1944, ilipotimia miaka elfu ya Hijra tangu kuzaliwa kwake, maulamaa na washairi wa nchi za Kiarabu walikutana Sham kumkumbuka.

Mji wake haukupata salama. Mwaka 1098, miaka 41 baada ya kufa kwake, Wafaranji wa Vita vya Msalaba waliuingia, wakaua watu wake, na njaa ilipowashika wakala nyama za maiti. Waandishi wa Kifaranji wenyewe ndio walioyaandika hayo. Na Februari 2013, katika vita vya ndani vya Syria vilivyoanza mwaka 2011, wapiganaji walilikata kichwa sanamu lake lililokuwa mjini humo. Mwanachuoni wa dini atakuwa na lake la kusema juu ya masanamu, lakini waliolikata hawakuwa wakitafuta jiwe. Walikuwa wakimtafuta mtu aliyekuwa amekufa miaka 956 kabla yao.

Aliwaona wanadamu kuwa ni wakali kuliko wanyama, na yaliyoufika mji wake yanamtolea ushahidi. Lakini maisha yake mwenyewe yanatoa ushahidi wa upande wa pili, maana yeye naye alikuwa mwanadamu. Aliishi na tini na adesi kwa miaka 45, hakumdhulumu mtu, alisomesha bila ya kuomba, na aliwaombea wafungwa 70 wakafunguliwa. Mwenye kuyakataa baadhi ya maneno yake ana haki ya kuyakataa. Lakini ajiulize pia, yeye mwenye kuisifu dunia na kuwasifu watu, ni mara ngapi alitoka nyumbani kwake kwa ajili ya jirani aliyefungwa.

Yaliyokuwa kifuani mwake Mola wake ndiye ayajuaye. Wallahu aalam.